Rukmani Devi, Binti wa Kitamil Aliyekipa Kisinhala Sauti ya Sinema

Tarehe 21 Januari 1947, katika ukumbi wa Kingsley mjini Colombo, watu walilipa viingilio vyao, wakaketi gizani, na kwa mara ya kwanza wakasikia watu wa kwenye pazia wakisema Kisinhala, lugha ya watu wengi wa kisiwa cha Sri Lanka. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wakazi wa kisiwa hicho, kilichokuwa bado kinaitwa Ceylon na bado kiko chini ya Waingereza, walikuwa wamezoea kwenda sinema kusikia Kihindi, Kitamil na Kiingereza. Filamu iliyoonyeshwa siku hiyo iliitwa Kadawunu Poronduwa, yaani ahadi iliyovunjwa, na hadi leo tarehe hiyo huhesabiwa nchini Sri Lanka kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa sinema ya Kisinhala. Fedha za kuitengeneza zilitoka kwa mfanyabiashara wa Kitamil, S. M. Nayagam. Mwongozaji wake, Jyotish Singh, alikuwa Mbengali. Ilipigwa Madurai, kusini mwa India, kwa sababu Ceylon haikuwa na studio ya kutengenezea filamu za sauti. Na mwanamke aliyeibeba filamu yote kwa uso na kwa sauti alikuwa Daisy Rasammah Daniels, Mkristo wa asili ya Kitamil, ambaye watazamaji walimjua kwa jina la Rukmani Devi.

Nimewataja watu hao wote mwanzoni kwa makusudi. Wanaompenda Rukmani Devi humsimulia kama ndege mwimbaji wa taifa, sauti tamu iliyokatishwa na ajali ya barabarani. Wachambuzi wa sinema, kwa upande wao, humtaja kwa haraka kama nyota wa enzi ya filamu za kuiga, kisha wanamwacha hapo na kwenda kwenye majina wanayoyaona kuwa na uzito zaidi. Wote wawili hulipita jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha yake: kwamba sauti ya kwanza ya Kisinhala katika sinema ilitoka katika koo la mtu ambaye siasa za miaka iliyofuata zingemweka nje ya uzio wa lugha hiyo. Hilo halikutokea kwa bahati. Ndivyo sinema ya Kisinhala ilivyotengenezwa tangu siku ya kwanza, na ndivyo tamthilia na muziki wa Kisinhala vilivyokuwa vimetengenezwa kwa miongo kadhaa kabla yake. Historia inayomsifu mwanamke huyu huku ikifuta alikotoka ni historia iliyokwisha kupotoka.

Daisy alizaliwa tarehe 15 Januari 1923 huko Ramboda, katika milima ya chai ya Nuwara Eliya. Msikia habari anaweza kudhani upesi kwamba alikuwa mtoto wa vibarua wa mashamba, wale Watamil walioletwa na Waingereza kutoka India kuchuma chai. Sivyo. Familia yake ilikuwa ya Wachetty wa Colombo, jamii ndogo yenye asili ya wafanyabiashara wa India Kusini waliohamia pwani ya Ceylon na kukaa huko vizazi kwa vizazi, wengi wao wakiingia Ukristo nyakati za utawala wa Wareno na Wadachi. Jamii za namna hiyo huishi katika lugha kadhaa kwa wakati mmoja, na mtu aliyekulia Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa sana jinsi mtoto anavyoweza kuomba dua kwa lugha moja, kwenda sokoni kwa nyingine na kuandika insha shuleni kwa ya tatu, asione mgongano wowote. Hata hivyo tofauti kati ya Mchetty wa mjini na kibarua wa shambani ilikuwa na maana kubwa sana kwa hatima ya mtu. Mwaka 1948, mwaka uleule wa uhuru, bunge jipya la Ceylon lilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha mamia kwa maelfu ya Watamil wa mashamba bila nchi. Milima aliyozaliwa nyota wa kwanza wa Kisinhala ndiyo milima iliyojaa watu walioambiwa kwamba si wa hapo.

Familia ilihamia Colombo, na huko msichana alionekana mapema kuwa na sauti. Alipanda jukwaani akiwa bado mdogo, na miongoni mwa nafasi zake za mwanzo ni ile ya Sita katika Ramayana, mwanamke ambaye katika utenzi huo mkongwe alitekwa na kupelekwa kisiwani Lanka. Jukwaa alilopanda halikuwa tupu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, makundi ya maigizo ya Waparsi kutoka Bombay yalikuwa yamefika Colombo na michezo yao ya nyimbo, mapambo na hadithi za wafalme, na Wasinhala wakaipenda wakaifanya yao. Mtunzi mashuhuri wa tamthilia hizo, John de Silva, alikuwa mzalendo wa Kisinhala asiyeficha msimamo wake, aliyetaka watu wake waache kuwaiga Wazungu na wakumbuke wafalme wao. Naye alipotaka muziki wa michezo yake alimleta mwanamuziki Mhindi, Vishwanath Lauji, ambaye hakuwa Msinhala wala Mbudha. Mmoja kati ya nyimbo alizotunga Lauji, Danno Budunge, wa mwaka 1903, umekuwa kama wimbo mtakatifu. Siku ya Uhuru ya mwaka 2016, mwimbaji wa opera Kishani Jayasinghe aliuimba kwa mtindo wa fani yake, akashambuliwa vikali hadharani kwamba ameuchafua urithi wa Kisinhala. Natamani mmoja wa waliomshambulia angesimama kidogo akauliza ni nani aliyeutunga muziki huo, na alitoka wapi.

Rukmani Devi aliingia katika urithi wa namna hiyo, uliochanganyika tangu mizizini, na ushahidi wa wazi zaidi wa jambo hili ni santuri yake ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1930, akiwa msichana wa miaka 15 au 16, alirekodi pamoja na mwanamuziki H. W. Rupasinghe wimbo uitwao Siri Buddhagaya Vihare. Ni wimbo wa kumtukuza Budha, unaoimba hekalu la Bodh Gaya, kule India Kaskazini, mahali ambapo Wabudha wanaamini Budha aliipata nuru. Hebu tulitazame tukio hilo kwa karibu. Binti wa Kikristo, mwenye damu ya Kitamil, mwenye jina la kisanii la mke wa mungu wa Kihindu, Krishna, anasimama mbele ya chombo cha kurekodia na kuimba kwa Kisinhala ibada ya dini ambayo si yake, na sauti hiyo inaingia katika nyumba za Wabudha wa kisiwa kizima, ambao wanaipokea, wanaipenda na kuiweka tena na tena juu ya gramafoni. Hakuna aliyeuliza cheti cha ubatizo. Biashara ileile ya santuri iliyokuwa na makao yake India ndiyo iliyokuwa imemchukua Siti binti Saad kutoka Zanzibar hadi Mumbai mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, na tunajua wenyewe jinsi santuri zile zilivyobadilisha maana ya kuwa mwimbaji mwanamke katika pwani yetu. Santuri haikuona kabila la aliyeimba. Ilibeba pumzi, matamshi na hisia, na kwa hayo matatu msichana yule alikuwa amekamilika.

Kutoka kwenye santuri alifika kwenye kundi la maigizo la Minerva, lililokuwa na makao yake Negombo, mji wa wavuvi na Wakatoliki kaskazini mwa Colombo. Kundi hilo lilikuwa la B. A. W. Jayamanne, mwandishi wa michezo, na nduguye Eddie, mchekeshaji aliyeweza kuwavunja watu mbavu kabla hajafungua mdomo. Rukmani aliolewa na Eddie, na kuanzia hapo kazi yake na ndoa yake vikawa kamba moja. Michezo ya Minerva ilikuwa na mapenzi yaliyokatazwa, walezi wenye hila, wasia, machozi, nyimbo, kisha Eddie akitokea katikati ya huzuni kuwapa watu nafasi ya kupumua. Ilizunguka nchi nzima, ikajaza kumbi. Nayagam alipotaka kutengeneza filamu ya kwanza ya Kisinhala, hakuhitaji kubahatisha watu wangependa nini, maana Minerva ilikuwa imeshamfanyia utafiti huo kwa miaka.

Kulikuwa pia na mbio. Wakati Minerva wako Madurai, kundi jingine lilikuwa Coimbatore, mji mwingine wa nchi ya Watamil, likitengeneza filamu iitwayo Asokamala, nayo ikitaka kuwa ya kwanza. Kadawunu Poronduwa ilitangulia kwa miezi isiyozidi mitatu, kwani Asokamala ilionyeshwa Aprili 1947. Kwa hiyo yeyote ambaye angeshinda, sinema ya Kisinhala ingezaliwa ng'ambo ya mlango wa bahari, katika studio ya Watamil, chini ya mafundi wa Kitamil.

Nimejaribu mara nyingi kuiwazia kazi ya Madurai ilivyokuwa. Mwongozaji ni Mbengali anayefanya kazi na lugha asiyoikulia. Mafundi wa taa, wa sauti na wa kamera ni watu wa pale, nao lugha yao ni nyingine. Waigizaji wametoka ng'ambo na michezo yao vichwani. Katika hali hiyo ni nani mwenye kujua kama neno limetamkwa sawasawa, kama sentensi imepanda mahali pa kushuka, kama hasira imesikika kuwa hasira au imekuwa kelele? Ni waigizaji wenyewe, na juu yao yule mwanamke ambaye hadithi yote ilimzunguka. Ndiyo maana filamu ile inasikika kama mchezo wa jukwaani uliopigwa picha, kamera ikiwa imekaa kama mtazamaji wa kiti cha mbele. Wachambuzi wameliona hilo kuwa kasoro, nami sibishi. Lakini kasoro hiyo ndiyo iliyoiokoa lugha. Mbele ya mwongozaji asiyeijua lugha yao kwa undani, kundi la Negombo halikuwa na pa kujishikiza isipokuwa mdundo wa maneno waliokwisha kuujaribu mbele ya mamia ya watu walioelewa kila silabi. Rukmani aliucheza mdundo huo kama alivyoujua, akaimba nyimbo zake mwenyewe bila mtu wa kumsaidia nyuma ya pazia, na alipomaliza, Kisinhala kilikuwa na sauti katika sinema.

Je, alikuwa mwigizaji mkubwa? Swali hili linastahili jibu la haki. Kwa vipimo vya leo, mikono yake inapanda mno, machozi yanakuja kwa ratiba, na uso unaeleza jambo ambalo maneno yameshalieleza. Ni uigizaji uliotengenezwa kwa ajili ya mtu wa kiti cha nyuma kabisa, aliyelipa senti chache na ambaye ni lazima asikie na aone. Sauti yake ni jambo jingine. Ilikuwa na uzito kidogo chini na uwazi juu, na hata katika rekodi zilizochakaa, zenye mikwaruzo kama mvua juu ya bati, mtu husikia kwamba anatamka neno kwanza, kisha ndipo anaimba. Waimbaji wengi wa kipindi kile waliokuwa wakifuata nyimbo za Kihindi walivuta maneno ya Kisinhala ili yatoshe katika tuni ya kuazima. Yeye aliibana tuni ilifuate neno. Naamini hili ndilo alilolileta, na ni kubwa zaidi ya jukumu lolote aliloigiza.

Baada ya hapo zilifuata filamu nyingine za Minerva, moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa ni michezo yao ya jukwaani iliyobebwa kwenda India na kurudishwa ikiwa ndani ya mikebe ya filamu. Kati ya hizo ile ninayoiona kuwa ya maana zaidi ni Kele Handa ya mwaka 1953, iliyotokana na riwaya ya W. A. Silva, mwandishi aliyesomwa na kila nyumba yenye kitabu. Nyingine hazihitaji kutuchelewesha. Zilikuwa na fomula, fomula ilikuwa na soko, na soko halikudumu.

Mwaka 1956 yalitokea mambo mawili nchini Ceylon. Mwezi Juni bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kisinhala peke yake kuwa lugha rasmi, na miaka miwili baadaye damu ya Watamil ilimwagika katika ghasia zilizofuata mvutano huo. Mwezi Desemba ilionyeshwa Rekava ya Lester James Peries, filamu iliyotoka studio kabisa na kuingia kijijini, jua likiwa jua na matope yakiwa matope, na ambayo mwaka uliofuata ilishindanishwa katika tamasha la Cannes. Kwa wapenzi wa sinema, hapo ndipo historia ilipogawanyika, kukawa na kabla ya Rekava na baada yake. Rukmani Devi akabaki upande wa kabla. Filamu zake zikaanza kuitwa za Kihindi Kusini zilizovikwa maneno ya Kisinhala, na sinema ya kweli ya Kisinhala ikasemwa kuwa ndiyo imeanza.

Rekava ilistahili sifa zake, na sinema ya kisiwa hicho isingefika ilipofika bila Lester kukataa kwenda kupiga picha za kijiji cha Kisinhala ndani ya jengo la studio mjini Madras, India Kusini. Ila naona hatari katika namna mambo haya mawili ya mwaka mmoja yalivyozoea kusimuliwa kwa pumzi moja, kana kwamba sheria ya lugha na filamu ile vilikuwa matawi ya mti mmoja wa kujitambua. Lester mwenyewe alitoka katika familia ya Kikatoliki iliyozungumza Kiingereza nyumbani. Alikisogelea Kisinhala akiwa mtu mzima, kwa mapenzi na kwa juhudi, kutoka nje kidogo ya uzio. Tofauti kati yake na Rukmani Devi ni ya shule ya sanaa tu. Kwa upande wa lugha wote wawili ni watu waliokiendea Kisinhala kwa hiari yao na kukifanyia kazi mpaka kikawatii. Kumwita mmoja mwanzo wa taifa na mwingine mabaki ya ugeni ni kuchanganya ubora wa filamu na asili ya mtu, makosa ambayo wachambuzi wazuri hawangepaswa kuyafanya.

Wala hawakuwa peke yao. Mwenzake wa nyimbo za wawili, Mohideen Baig, alikuwa Mwislamu mzaliwa wa India Kusini, na sauti yake ndiyo watu wengi huisikia vichwani wanapokumbuka nyimbo za Kibudha za sherehe ya Vesak. Mwaka 1955, katika filamu Seda Sulang, wimbo wa kuisifu Sri Lanka kama nchi mpendwa uliimbwa na Lata Mangeshkar, mwimbaji mashuhuri wa filamu za India, kwa Kisinhala. Nimetaja mifano miwili tu, na mtu anayezijua santuri za wakati ule anaweza kuongeza kumi. Ndivyo ilivyo sanaa ya lugha yoyote iliyokaa karibu na bahari. Sisi wenyewe, tukianza kuwaondoa katika taarabu Waarabu, Wahindi na Wakomoro ili tubaki na iliyo safi, hatutabaki na taarabu.

Kuja kwa waimbaji wa nyuma ya pazia kulimgusa Rukmani kwa njia ambayo haizungumzwi sana. Alipoanza, mwigizaji wa kike alitakiwa aimbe, na mtu asiyeweza kuimba hakuwa na nafasi. Kadiri ufundi wa kurekodi ulivyoendelea, sura moja ikaweza kuazimwa sauti ya mtu mwingine, na soko likaanza kutafuta sura changa kwa upande mmoja na sauti mahiri kwa upande mwingine. Mwanamke aliyekuwa na vyote viwili akajikuta anagawanywa. Umri ukamwondoa katika nafasi za mchumba na binti mrembo, akapewa za mama na shangazi, ilhali sauti yake ilikuwa bado inahitajika. Akaielekeza kwenye majukwaa ya muziki, katika viwanja vya mpira na maonyesho ya usiku, mbele ya umati uliokuja na watoto na mikeka.

Hapo ndipo nasikia uchungu kila ninapoisoma habari yake. Mwaka 1972 serikali iliunda shirika la taifa la filamu, ikachukua uingizaji na usambazaji wa filamu mikononi mwake, na kulikuwa na matumaini mengi kwamba sasa filamu za nyumbani zitalindwa. Zililindwa kwa kiasi. Lakini kulinda filamu si kumlinda mwigizaji. Aliyekuwa amezitengenezea jina filamu hizo kabla ya kuwapo shirika, kabla hata ya kuwapo nchi huru, hakuwa na malipo ya kumfuata uzeeni kwa kazi ya ujana wake. Santuri ziliuzwa, nyimbo zikapigwa redioni, na yeye akaendelea kupanda magari kwenda kuimba mbali na nyumbani akiwa na umri ambao mtumishi wa ofisi huanza kupangiwa sherehe ya kustaafu. Watu wa Afrika Mashariki tunaijua hadithi hiyo. Bi Kidude aliimba hadi uzee wa mwisho kabisa, nasi tukamshangilia kwa nguvu zake, na wachache wakauliza kama angekuwa na uwezo wa kuchagua kupumzika.

Tarehe 28 Oktoba 1978 Rukmani Devi alikuwa akirudi kutoka Matara, mji wa kusini kabisa mwa kisiwa, alikokwenda kuimba katika onyesho la muziki. Barabara ya kutoka Matara hufuata ufuo, hupita Galle na ngome yake ya Kidachi, na baada ya kilomita 160 hivi huingia Colombo. Anayekwenda Negombo hukata mji na kuendelea kaskazini, akipita Wattala na njia panda ya Hendala, kisha Ja-Ela. Huko Thudella, katika eneo la Ja-Ela, gari lake lilipata ajali, naye akafariki dunia akiwa na miaka 55. Alikuwa amemaliza karibu safari nzima, na Negombo, mji wa Minerva, mji wa ndoa yake, ulikuwa umebaki chini ya kilomita 20. Umati uliojitokeza kumzika ulikuwa wa watu wa kila dini ya kisiwa hicho.

Taji la malkia wa sinema ya Kisinhala lilikuwa limeshahamia kwa Malini Fonseka, aliyefariki mwezi Mei 2025. Malini alizaliwa Kelaniya tarehe 30 Aprili 1947, miezi mitatu baada ya Rukmani kusikika katika ukumbi wa Kingsley, hivyo yeye na sinema ya lugha yake walikuwa rika moja. Alikuwa na kila kitu ambacho kizazi cha kwanza hakikukipata: waongozaji waliojua kamera, kamera iliyojua kusubiri, na filamu kama Nidhanaya ya mwaka 1972, ambamo anaigiza mke anayependwa na mumewe bila kujua kwamba mume huyo amemwoa ili amtoe kafara kwa ajili ya hazina iliyozikwa. Alama nne za kuzaliwa shingoni mwake ndizo zilizomleta katika nyumba ile. Malini anaicheza furaha ya mwanamke huyo kwa utulivu kiasi kwamba mtazamaji, anayejua anachokijua, hutamani kupiga kelele. Uigizaji wa namna hiyo, wa kunyamaza, usingewezekana Madurai mwaka 1947. Na bado, mwaka uleule wa 1978 ambao Rukmani alifariki, Malini aliigiza katika filamu ya Kitamil, Pilot Premnath, pamoja na nyota mkubwa wa Tamil Nadu, Sivaji Ganesan, na sehemu kubwa ikapigwa Sri Lanka. Binti wa Kitamil alikuwa amekisemea Kisinhala. Sasa binti wa Kisinhala alikuwa anakwenda upande wa pili wa daraja lilelile.

Miaka mitano haikutimia. Mwezi Julai 1983 magenge yaliwavamia Watamil mjini Colombo na kwingineko, yakachoma nyumba, maduka na watu. Mwongozaji K. Venkat, Mtamil aliyetumia maisha yake kutengeneza filamu za Kisinhala, aliuawa katika siku hizo. Na huko Hendala, kando ya njia ileile iendayo Ja-Ela na Negombo, waliichoma moto studio ya Vijaya kwa sababu mwenye mali, K. Gunaratnam, alikuwa Mtamil. Gunaratnam alikuwa mmoja wa watu walioijenga biashara ya sinema ya kisiwa hicho kuanzia kwenye kumbi za kuonyeshea hadi kwenye utengenezaji. Katika ghala la studio yake kulikuwa na mikebe ya filamu, miaka mingi ya kazi ya waigizaji, waimbaji na mafundi wa makabila yote. Moto ulipozimika, mikebe hiyo ilikuwa imeteketea, na filamu zilizokuwa ndani yake zilikuwa za Kisinhala.